Timu Imehama, au Imehamishwa?

Jioni moja ya Aprili 2024 nilikuwa kwenye benchi mbele ya duka la jirani yangu hapa Doldol, simu nimeiegemeza kwenye pakiti ya unga, natazama Ihefu wakicheza na Simba. Mtandao ulikuwa wa kubembeleza. Mpira ukipigwa kona, picha inaganda, na ikirudi kipa tayari anapiga goli kiki. Mzee mmoja mfugaji aliyekuja kununua sukari na betri za tochi akasimama nyuma yangu.

"Mwalimu, hawa ni wa wapi?"

Nikamwambia ni wa Mbarali, mkoa wa Mbeya, Tanzania.

"Na hapo wanapocheza ndipo Mbarali?"

"Hapana mzee, hapo ni Singida."

"Basi leo ni wageni."

"Hapana. Wako nyumbani."

Alitazama ile skrini ndogo kwa muda, akahamisha fimbo kutoka mkono huu hadi huu. "Wamehama na ng'ombe wao?"

Wenye duka walicheka, nami nikacheka. Lakini usiku ule nililala na swali hilo, maana kwa mtu wa huku hilo ndilo swali la kwanza, na halina mzaha. Boma likihama tunauliza limehama na nini: na mifugo yote au wale wa maziwa tu, na watoto wa shule au wameachwa kwa nyanya yao. Timu ikihama hakuna anayeuliza. Gazeti linaandika mstari mmoja kwamba sasa itatumia uwanja fulani, na ratiba inaendelea.

Niseme kwanza mtu wa Laikipia Kaskazini alifikaje Ihefu. Nilikuwa namfuata Elvis Rupia. Msimu wa 2022/23 alifunga mabao 27 akiwa na Kenya Police, akaivunja rekodi ya mabao 26 ambayo Maurice Ochieng' "Sonyi" aliiweka mwaka 1976. Rekodi iliyokaa karibu nusu karne ikivunjwa na kijana wa kwenu, unamfuata hata akivuka mpaka. Akavuka, akaingia Singida Fountain Gate. Msimu haujaisha akahamia Ihefu, na msimu huo huo Ihefu wakaacha uwanja wao wa Mbarali wakaenda kutumia uwanja wa Liti, Singida, ule ambao wazee wa mpira bado wanauita Namfua. Singida Fountain Gate nao wakawa wamekwenda Mwanza, CCM Kirumba. Yaani Rupia alibadilisha timu, halafu timu mpya ikamfuata kwenye mji aliokuwa ametoka. Karibu mtu aseme hakuhama kamwe; ni ligi iliyohama chini ya miguu yake.

Julai 2024 jina nalo likaenda. Ihefu ikawa Singida Black Stars.

Sasa tuiangalie hiyo Ihefu yenyewe, kwa sababu haikuwa timu ya kuokotwa. Ilipanda Ligi Kuu ya Tanzania mwaka 2020, ikashuka 2021, ikarudi 2022. Ilikuwa timu ya Ubaruku, katikati ya mashamba ya mpunga, na uwanja wake ulijulikana kwa jina la shamba: Highland Estate. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga walifika pale wakiwa hawajafungwa katika mechi 49 za ligi. Wakaondoka wamefungwa 2-1. Tarehe 4 Oktoba 2023 Yanga wakarudi, wakafungwa tena 2-1. Kwa mtu asiyefuata soka ya Tanzania: Yanga na Simba ndio ligi, wengine ni wasindikizaji, na msindikizaji akimwangusha bwana harusi mara mbili kwenye uwanja wa shamba la mpunga, watu watalikumbuka jina lake hata asipofanya lingine maishani. Miezi michache baada ya ushindi ule wa pili, uwanja ule haukuwa na timu ya Ligi Kuu.

Jina Ihefu pia lina historia ambayo sisi wa huku tunaielewa haraka kuliko wengi. Ihefu ni ile ardhi oevu ya bonde la Usangu, inayolisha mto Ruaha Mkuu. Mwaka 2006 serikali ya Tanzania ilianza kuwaondoa wafugaji na mifugo yao huko ili kuokoa maji ya mto. Walikuwamo Wasukuma, Wabarabaig na Wamaasai, na baadhi yao waliswaga ng'ombe hadi Rufiji na Lindi. Mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kwa hiyo timu ilibeba jina la mahali ambapo watu waliambiwa wahame, kisha na timu yenyewe ikaondoka.

Hapa ndipo lugha yetu inapotusaidia, na pia inapotuficha. Kiswahili kina kuhama, kuhamia, kuhamisha, kuhamishwa na kuhamahama, na kila neno lina mwenye kulitenda. Anayehama ameamua. Anayehamishwa ameamuliwa. Wazee wa Laikipia walifundishwa tofauti hiyo kwa gharama kubwa. Mkataba wa 1904 uliwasogeza Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, sehemu kubwa yao ikaletwa huku Laikipia, na wa 1911 ukawatoa tena Laikipia kuelekea kusini. Kwenye karatasi mikataba yote miwili iliitwa makubaliano. Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani mwaka 1913 wakashindwa, na bado katika vitabu vingine utasoma kwamba Wamaasai "walihama". Basi nikisoma kwamba timu "imehama", mkono wangu wa mwalimu unatafuta kalamu nyekundu. Miguu ni ya wachezaji, koo ni za mashabiki, na hao wote wawili hawakuwa kwenye kikao.

Kilichohama ni nafasi. Katika ligi yenye timu 16, nafasi moja ni mali, kama leseni ya matatu kwenye barabara yenye abiria. Haishikiki, haina majani wala magoli, lakini unaweza kuinunua, kuipa jina jipya na kuipeleka unakotaka, mradi shirikisho likubali. DTB ikawa Singida Big Stars mwaka 2022, ikawa Singida Fountain Gate 2023, ikawa Fountain Gate 2024 na makao Babati, mkoa wa Manyara. Kitayosce ya Kilimanjaro ikaibuka Tabora United mwaka 2023, na kufikia 2025 ni TRA United. Shabiki anayetaka kuendelea na timu hizi anahitaji daftari la ukoo.

Niliona kwa macho yangu jinsi jambo hili linavyofanyika, ingawa ilikuwa ngazi za chini kabisa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katibu wa ligi ndogo katika mji mmoja wa mlima. Mji sitautaja, wala timu. Vijana walikuwa wamecheza misimu mitatu hadi wakapanda daraja. Gharama za safari zikawazidi. Mfadhili akatokea mji mwingine. Makabidhiano yalifanyika kwenye chumba cha nyuma cha hoteli, juu ya meza yenye vikombe vya chai, na kilichokabidhiwa nakikumbuka chote: faili la kijani, muhuri wa mpira na kidau chake cha wino, jezi 16 zilizobanduka nambari, na barua. Barua ile mimi ndiye niliyeigonga muhuri. Sheria zilikuwa sawa na saini zilikuwa kamili.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa uwanjani na ndoo ya chokaa, nachora mistari kwa mechi ya shule. Nahodha wa ile timu akaja, njumu zake kwenye mfuko wa karatasi.

"Mwalimu, leo tunacheza saa ngapi?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilimwonyesha nakala ya barua. Aliisoma mpaka chini, akanirudishia, akachukua brashi ya pili na kunisaidia kumaliza mstari wa goli. Hakusema neno, na ningependa angenitukana.

Wapo wataalamu wanaosema haya ni tamaa ya matajiri, basi. Mimi naona hesabu. Mei 2021 shirikisho la soka la Tanzania, TFF, na kampuni ya matangazo ya Azam Media walitia saini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 za Tanzania. Ni jambo jema: klabu ndogo zilizokuwa zikilala njiani kwa kukosa nauli zilianza kuwa na pesa ya kutegemea. Lakini pesa ikitoka kwenye king'amuzi, mlango wa uwanja unapungukiwa thamani. Mkulima wa Ubaruku aliyelipa kiingilio alikuwa zamani sehemu ya bajeti. Sasa amekuwa mapambo ya picha. Na mapambo yanapatikana popote. Mwenye timu akitafuta mahali pa kuipeleka anauliza kama uwanja umepitishwa na shirikisho, kama barabara ni ya lami, kama kuna hoteli ya kulaza wageni, na kama mkubwa wa mkoa anapenda mpira. Ubaruku ina mpunga na watu wanaojua mpira, lakini kwa maswali hayo inashindwa mapema.

Wenzetu wa mbali wamepitia haya hata kwenye barafu. Marekani wana ligi ya pili ya mpira wa magongo wa barafuni, American Hockey League, ambayo timu zake hulelewa na timu kubwa za ligi ya juu, NHL. Januari 2015 ligi hiyo ilitangaza kwamba timu tano zitapelekwa California, kwa sababu timu kubwa za magharibi zilichoka kusafirisha wachezaji kutoka upande wa pili wa bara kila mmoja alipoumia. Mojawapo ilikuwa Manchester Monarchs, ya Manchester ile ya New Hampshire, si ya Uingereza. Ilikuwa hapo tangu 2001, ikiwalea wachezaji wa Los Angeles Kings. Hapa ndipo hadithi inapochoma. Timu ikiwa imeshahukumiwa kuondoka, iliendelea kushinda, na Juni 2015 ikachukua kombe la ligi, Calder Cup, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Msimu uliofuata nafasi yake ilikuwa Ontario, mji wa California ulio mwendo wa saa moja hivi kutoka Los Angeles.

Lakini walifanya jambo moja ambalo sisi hatufanyi. Ontario ilikuwa na timu yake ya daraja la chini, Reign. Zile mbili zikabadilishana miji: ya juu ikaenda California ikaitwa Reign, ya chini ikaja New Hampshire ikaitwa Monarchs. Kila mji ukabaki na jina lake. Norfolk nao, timu yao ilipopelekwa San Diego, wakaletewa timu ya daraja la chini ya Bakersfield ikachukua jina lao. Shabiki wa Manchester aliamka akakuta jina ni lile lile na ukumbi ni ule ule, ila mpira umeshuka daraja moja. Ukipenda utaliita danganya toto. Timu ile ya chini haikudumu, ilifungwa mwaka 2019. Hata hivyo kwa miaka minne watu walikuwa na mahali pa kwenda jioni, na mtoto aliyemwona baba yake akishangilia Monarchs aliendelea kushangilia Monarchs. Miaka minne kwa mtoto ni utoto wote. Mbarali hawakuachiwa hata herufi.

Uingereza wao walikwenda njia ya ukali. Mwaka 2002 Wimbledon ilipopewa kibali cha kwenda Milton Keynes, mashabiki walikataa kuifuata, wakaanzisha AFC Wimbledon kutoka madaraja ya chini kabisa, na kufikia 2011 walikuwa wamerudi kwenye ligi ya kulipwa. Hadithi hii husimuliwa kila mahali kana kwamba kila kijiji kingeweza kuifanya. Wale walikuwa watu wa London, wenye mishahara, na madaraja ya kupanda yaliyopangwa vizuri. Ukianzia ligi ya wilaya Afrika Mashariki, ngazi ziko, lakini kila ngazi inaliwa na mafuta ya basi.

Na usidhani jina la nyumbani peke yake linatosha. Sisi tunaoishi karibu na mlima tuliwahi kupewa timu bila kuiomba. Nakumatt FC, timu ya yale maduka makubwa, ilicheza Ligi Kuu ya Kenya, na maduka yalipofilisika ikageuzwa jina msimu wa 2018/19 kuwa Mount Kenya United. Mlima wenyewe tunauona kila asubuhi kabla mawingu hayajaufunga. Timu yake mimi sikuwahi kuiona ikicheza katika mji wowote wa mlima, si Nyeri wala Nanyuki. Msimu ulipoisha ikashuka daraja, na huku hakuna aliyelia, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba ni yake.

Ukitoka hapa kwenda Nanyuki utapita Il Polei, nyumbani kwa wachezaji wa kriketi wanaojulikana duniani kama Maasai Cricket Warriors. Mchezo uliletwa na Aliya Bauer, mwanamke wa Afrika Kusini aliyekuja kuchunguza nyani. Vijana wakaona kurusha mpira si mbali na kurusha mkuki, wakaushika, wakacheza na shuka na shanga zao badala ya nguo nyeupe. Mwaka 2013 walicheza mashindano London, na mwaka 2015 filamu yao ilitoka. Hakuna timu ya huku iliyokwenda mbali zaidi, na hakuna aliyewahi kusema imehama. Nahodha Sonyanga ole Ngais na wenzake walirudi na kusimama mbele ya wazee wao wenyewe kusema habari ya ukeketaji wa wasichana, jambo ambalo mgeni asingesikilizwa akilisema. Nani angewasikiliza kama makao yao yangekuwa Nairobi? Il Polei hakuna kiingilio wala king'amuzi, na kwa mfanyabiashara ile si mali. Labda ndiyo sababu bado iko pale.

Sitaki nionekane mtu wa kulilia Mbarali tu. Singida nao ni watu. Timu yao ya awali, Singida United, ilishuka daraja mwaka 2020, na mji uliowahi kuonja Ligi Kuu una haki ya kuitamani tena. Na waliochukua nafasi ya Ihefu hawakuiharibu: msimu wa 2024/25 Singida Black Stars walimaliza wa nne, wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na Septemba 2025 wakachukua Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan kwenye fainali. Mtoto wa Singida aliyezaliwa akiikuta timu hii ataipenda bila kosa lolote. Ninachokataa ni hesabu inayosema kupata kwa Singida kumefuta kupoteza kwa Ubaruku. Kutoka Mbarali hadi Singida kwa njia ya Iringa na Dodoma ni zaidi ya kilomita 600. Shabiki hawezi kusafiri hivyo kila baada ya wiki mbili, akarudi Jumatatu kufungulia maji mpunga wake.

Basi mashirikisho yetu yangeweza kuanza na jambo dogo lisilo na gharama: nafasi ikiuzwa nje ya wilaya, jina na nembo vibaki, pamoja na haki ya timu ya vijana kucheza daraja la mkoa kwa jina hilo. Mnunuzi hapungukiwi chochote, kwa kuwa jina lenyewe hulitupa kabla msimu mpya haujaanza. Na kabla muhuri haujagongwa, barua isomwe mbele ya wachezaji. Hilo la pili nalisema kwa sababu zangu.

Na shabiki je, afuate? Mimi nilifuata, na nilichojifunza ni kwamba umbali si tatizo kubwa. Nilikuwa mbali tangu mwanzo, Doldol na Ubaruku hazijawahi kuonana. Kilichokatika ni jambo dogo sana. Ihefu walipokuwa kwao, kamera ilipozunguka ungeona watu juu ya miti nyuma ya uzio. Nilikuwa nimewazoea, kulikuwa na mmoja mwenye kofia nyekundu niliyekuwa nikimtafuta kila mechi, na nikimwona najua tuko nyumbani. Liti ni uwanja mzuri zaidi na una watu wengi zaidi. Nilitazama mechi kadhaa kabla sijagundua kwamba bado namtafuta.

Mwaka jana, siku ya fainali ya Kagame, nilikuwa kwenye benchi lile lile. Mzee alipita na mbuzi wake, akaona nimeinamia simu.

"Ni wale waliohama?"

"Ndio hao, mzee. Wamechukua kombe."

"Na kule walikotoka, kuna mtu ameambiwa?"

Mbuzi mmoja alikuwa ameingiza kichwa kwenye gunia la mahindi la duka. Mzee akamfuata na fimbo, mwenye duka akitoka nje anapiga kelele, na simu yangu ikaganda kombe likiwa hewani.